Snoopy Island, Fujairah: anzia hapa kama kina cha maji kinakutia hofu

Kama uko Dubai ama Sharjah na umekua ukitamani kuzamia na mtungi lakini ukifikiria kina roho inakuruka, mi nakwambia anzia Snoopy Island pale Al Aqah, Fujairah. Ni kijisiwa cha mawe mbele ya Sandy Beach Hotel, waliita hivo kwa sababu ukikiangalia kutoka ufuoni kinafanana na yule mbwa wa katuni amelala chali. Kutoka Dubai ni mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili hivi, unakata milima ya Hajar unashukia upande wa pili, na bahari ya huko sio ile ya Dubai, ni Ghuba ya Oman inayoungana na Bahari ya Hindi, kwa hivo sisi watu wa pwani tukiingia tunakuta wenyeji tunaowajua, pono, taa, kasa.

Raha yake kubwa ni kwamba hakuna boti. Unavaa vifaa ufuoni, unatembea juu ya mchanga mpaka maji yafike kifuani, unavaa mapezi, basi. Kule kwetu Diani mbizi nyingi ni za boti maana mwamba uko mbali na ufuo, na kwa mgeni ile boti ikiyumba unaeza kutapika kabla hata hujaingia majini. Hapa mwalimu alitukalisha kwenye mchanga pasipofika hata mita tatu tukafanya mazoezi ya kutoa maji kwenye miwani na kurudisha regyuleta, kile kifaa cha kupumulia, mdomoni, hakuna haraka, hakuna kupigiwa kelele, nikihisi pumzi zinaenda mbio napanda pole pole natoa kichwa nje napumzika. Hio ndo ilinitoa hofu kabisa. Halafu hewa inadumu. Ukiwa mita 20 kila pumzi inakula hewa mara tatu ya ile ungevuta juu, lakini mita 5 ni mara moja na nusu tu, kwa hivo mnakaa chini muda mrefu mnajifunza. Kuzunguka kisiwa upande wa nje ni kama mita 8 tu, na PADI wenyewe, wale wa mafunzo ya uzamiaji, wanamruhusu anaejaribu mara ya kwanza kufika 12.

Lakini ndugu zangu maji mafupi sio mchezo, na hili naliweka wazi kabisa: usizuie pumzi ukipanda, hata kama ni mita tatu, kwa sababu hewa kwenye mapafu inatanuka haraka zaidi pale karibu na juu kuliko kule chini. Masikio pia anza kuyazibua mapema, usingoje yaume. Na kule kuelea bila kupanda wala kuzama ni kugumu zaidi hapa kuliko kwenye kina, kijiwimbi kidogo kinakubeba, kwa hivo mwambie mwalimu akupimie vizuri uzito wa risasi, ile madini nzito unayojifunga ili uzame, ndo usikanyage matumbawe. Yaani tafadhali msiyakanyage, yameteseka sana, kimbunga Gonu cha 2007 halafu yale maji mekundu ya 2008, vijimea vidogo vilivyofurika baharini, vilimaliza mengi pwani hio, yanayorudi saa hii ni ya kutunzwa.

Kasa wapo, sisi tulimkuta mmoja anakula bila kujali mtu, na dome, wale jamaa wa ngisi, waligeuza rangi mbele ya macho yetu mpaka nikasahau kuangalia geji ya hewa, mwalimu ndo alinigonga bega akanionesha. Kuna pia papa wadogo wenye ncha nyeusi kwenye mapezi, hawana shida na mtu, wakikuona wanapotea.

Kitu sikupenda ni wikendi. Watu wengi, boti zinapita, na kila mtu anatifua mchanga mpaka huoni mbele. Nenda siku ya kazi asubuhi, maji yakiwa yamejaa, maana yakikupwa njia ya kupita juu ya matumbawe inakua finyu. Miezi ya baridi maji yanashuka hadi nyuzi 22, 23 hivi, chukua suti nene. Vuta simu uulize kabla hujatoka, kuna siku maji yanakua kijani au viwavi wa baharini wamejaa.

Na kama una ndege ya kwenda nyumbani, mbizi moja ngoja masaa 12, zaidi ya moja ngoja 18, usipande kabla.