Treni ya betri: je, itaufikia mji mdogo? Uchambuzi

Haya, watazamaji wangu, karibuni tena. Leo mezani hamna simu wala spika, kwa sababu bidhaa yenyewe haiingii mlangoni. Ni treni ya betri, na hasa FLIRT Akku inayotengenezwa na Stadler, kampuni ya Uswisi. Naipima kwa swali moja tu: mji mdogo usio na treni ya abiria, utaipata kwa sababu ya hii?

Nianze na sifa, maana zipo. Kuvuta nyaya za umeme hadi mji mdogo ni mzigo mzito. Kuna nguzo, kuna vituo vya kupozea umeme, kuna madaraja ya kuinua ili nyaya zipite chini yake, na yote hayo kwa treni chache kwa siku. Mhasibu akiona hesabu hiyo anafunga faili. Sasa treni hii ina ujanja wake. Ikiwa chini ya nyaya, inainua mkono ulio juu ya paa na kuchaji huku inakimbia. Nyaya zikiisha, inashusha mkono na kuendelea kwa betri. Hata ikifunga breki, mota zinageuka jenereta na umeme kiasi unarudi.

Mwaka 2021 iliandikwa kwenye rekodi za Guinness kwa kwenda kilomita 224 kwa chaji moja. Sasa jamani, namba hiyo ichukulieni kama ile ya kwenye boksi la simu. Baridi ikikaza na vipasha joto vikawaka behewa zima, betri inashuka upesi. Ila tawi la reli la kilomita 50 halihitaji rekodi, kwa hiyo hapo sina ugomvi nayo.

Na si ya maonyesho tu. Jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini mwa Ujerumani, liliagiza treni 55 za aina hii mwaka 2019, zikaanza kubeba abiria 2023 kwenye njia zilizokuwa za dizeli. Lakini angalieni vizuri. Reli kule ilikuwa inatumika, abiria walikuwepo, ratiba ipo, na jimbo linalipia huduma. Nyumba ilikuwa imejengwa zamani, wao wamebadilisha jiko.

Mji ambao nyumba yenyewe haipo je?

Twende Marekani, pwani ya Ghuba ya Mexico. Kimbunga Katrina kilipiga 2005, treni ya abiria kati ya New Orleans na Mobile ikasimama. Reli ilikarabatiwa, na treni za mizigo zikarudi baada ya miezi michache. Ya abiria ilirudi Agosti 2025. Miaka 20! Na haikusubiri kifaa chochote kipya, hata betri haina. Reli ni ya kampuni za mizigo, na Amtrak, shirika la treni za abiria, ni mpangaji. Mwenye nyumba alisema treni za abiria zitabana mizigo yake, na anataka kwanza reli iongezwe. Kesi ikaenda kwa mamlaka inayosimamia reli, wakaja kupatana mwishoni mwa 2022. Bado pesa: sheria ya 2008 inataka njia za chini ya maili 750, yaani kama kilomita 1,200, zilipiwe na majimbo. Mobile nako, baraza la jiji likavutana kuhusu mchango wake. Na katikati ya njia hiyo kuna Bay St. Louis, Gulfport, Biloxi na Pascagoula, miji midogo iliyokuwa ikitazama treni za mizigo zikipita miaka yote hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo vipeperushi vya watengenezaji havigusi. Matawi mengi yana njia moja tu, na treni mbili zikikutana lazima moja ijibanze kwenye njia ya kupishania. Kama za kupishania ni chache, huwezi kuongeza safari, hata ununue treni kumi. Unabaki na treni ya asubuhi na ya jioni. Ukikosa ya jioni unalala huko huko, kwa hiyo wiki ijayo unapanda basi. Halafu anakuja mtu na takwimu: “Mnaona? Hakuna abiria.” Hoja hii huniudhi kuliko zote, maana wamehesabu waliopanda treni isiyopandika.

Basi alama. Kama chombo, naipa nane kwa kumi; mbili nimekata kwa ajili ya baridi na uzito wa betri. Kama dawa ya mji usio na treni, tatu. Ukiwa na tawi linaloendeshwa kwa dizeli na injini zimechoka, nunua. Kama reli yenu ina mwenyewe ambaye hajakubali kuwapisha, pesa ya betri itangulizeni kwenye njia za kupishania, na mtafute wakili mzuri. Wiki ijayo naichambua ya haidrojeni, na ile nina maneno nayo.