TAHADHARI: "Pasi ya mahekalu yote" Bhubaneswar ni utapeli

Kwa mnaosoma Bhubaneswar, India, hasa mnaotarajia wazazi au ndugu msimu huu wa baridi: kuna jamaa anashinda maeneo ya Bindu Sagar, lile bwawa kubwa la kale jirani na hekalu la Lingaraj. Kitambulisho shingoni, Kiingereza kimenyooka. Anauza "pasi" ya siku nzima kwa rupia 2,500 kila kichwa, eti inakuingiza mahekalu ya Lingaraj, Mukteshwar na Rajarani, na mapango ya Udayagiri na Khandagiri. Wazazi wa mwenzetu mmoja wameshalizwa. Risiti waliyopewa ni kikaratasi chenye mhuri usiosomeka.

Sasa tazameni anachouza. Lingaraj, hekalu la karne ya 11 lenye mnara wa mita 55 hivi, haingii asiye muumini wa dini ya Kihindu. Uwe na pasi, usiwe nayo, mlangoni unarudishwa. Sisi wengine tunalitazama kutoka kwenye jukwaa lililo nje ya ukuta, na kulipanda ni bure. Hapo jukwaani napo kuna mchezo wake: anakuja mtu na daftari la "wafadhili", majina ya wageni kibao, pembeni 1,000, 2,000, 5,000. Zikague zile sifuri, nyingine zimeongezwa kwa kalamu tofauti kabisa! Hulazimiki kuandika wala kutoa chochote.

Mukteshwar halina kiingilio. (Ni dogo, la karne ya 10, na lango lake la tao limechongwa kiasi kwamba mimi naliweka juu ya yote mjini hapa.) Khandagiri nako ni bure, kwa hiyo anayekupa tiketi ya Khandagiri ameichapa mwenyewe. Panapolipiwa ni Rajarani na Udayagiri tu, kwenye dirisha la Idara ya Akiolojia ya India: mgeni rupia 300, raia 25. Jumla kwa mgeni ni 600, si 2,500.

Hao wazazi walipofika Udayagiri wakaambiwa waongeze 500 ili "wafunguliwe" maandishi ya Kharavela, mfalme wa kale wa huku. Wafunguliwe nini? Ile mistari 17 imechongwa juu ya mdomo wa pango la Hathigumpha, hadharani, tangu kabla ya Kristo. Unasimama chini unaitazama. Rani Gumpha, pango la ghorofa mbili, limo ndani ya tiketi ileile ya dirishani.

Dereva wa bajaji yumo kwenye mpango. Usipomtaka yule wa pasi, yeye atakwambia mapango yamefungwa leo kwa ajili ya ibada, kisha akupeleke duka la hariri anakolipwa kamisheni. Mwambie akufikishe getini ujionee.

Malipo ya simu: ukiskani msimbo wa QR wanaokupa ulipie, soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Likiwa la mtu binafsi badala ya idara, futa. Na kama hela imeshatoka kwa njia hiyo, piga 1930, namba ya serikali ya utapeli wa mtandaoni, saa hiyohiyo, kwa sababu wakiwahi wanaweza kuizuia kabla haijatolewa benki. Mgeni asiye na akaunti ya India apige 1363, ya watalii, wanapokea usiku na mchana.