Chai ya saa nne ndani ya kifaru: uzoefu wangu na Tigerfibel

Nafundisha madereva wa malori makubwa, mwaka wa 11 huu, na shida yangu ni ileile kila kundi jipya likija. Darasani wote wanakubali kwamba oili na maji hupimwa kabla ya kuwasha injini. Alfajiri ikifika, mtu anapanda, anawasha, anaondoka. Kitabu cha maelekezo kilichokuja na gari kipo kwenye droo, na nailoni yake haijachanwa.

Kwa hiyo niliposikia kwamba jeshi la Ujerumani, katikati ya Vita Kuu ya Pili, liliwagawia wanajeshi wa vifaru mwongozo uliojaa katuni na mashairi, niliagiza chapa mpya mtandaoni, yenye tafsiri ya Kiingereza. Nimekaa nacho miezi minne.

Kinaitwa Tigerfibel. Fibel kwa Kijerumani ni kile kitabu cha mtoto anayeanza kusoma, yaani alifu kwa ujiti. Kifaru chenyewe, Tiger, kilikuwa na uzito wa tani 57 hivi, injini ya Maybach ya silinda 12, gia nane za kwenda mbele na nne za kurudi nyuma. Kumpa mtu mashine ya namna hiyo pamoja na kitabu chenye jina la darasa la kwanza, huo tayari ni utani. Aliyeuidhinisha hakuwa mtu mdogo: Heinz Guderian, mkaguzi mkuu wa vikosi vya vifaru, tarehe 1 Agosti 1943. Mwandishi alikuwa luteni, Josef von Glatter-Götz.

Kila mmoja kati ya watu watano waliokaa ndani ana sehemu yake: dereva, mtu wa redio, mlenga shabaha, mpakiaji wa risasi na kamanda. Mafunzo yanafungwa kwa shairi fupi lenye vina. Hapa tafsiri imeniangusha, kwa sababu mfasiri amebakiza maana na kuviacha vina, na vina ndivyo vilivyokuwa vikifanya kazi. Anayejua utenzi hata mmoja kwa moyo atanielewa. Nilimwomba rafiki anayejua Kijerumani anisomee kwa sauti, na ingawa sikushika maneno, nilisikia mara moja kwa nini kijana angeondoka nayo kichwani.

Ukurasa ulionifanya nitafute kalamu ni ule wa milo. Mabamba ya chuma ya Tiger yalisimama karibu wima, milimita 100 mbele na 80 ubavuni. Risasi ya adui ikigonga bamba moja kwa moja, ina unene huohuo tu wa kupita. Ikigonga kwa mshazari, njia yake ndani ya chuma inakuwa ndefu, au inateleza kabisa. Kwa hiyo kifaru kisimame kona ikimwelekea adui. Sasa mweleze hivyo kijana mwenye hofu na usingizi, umtajie na nyuzi za pembe! Kitabu kinamwambia achukulie kifaru ni uso wa saa, mbele ni pale kwenye 12, na adui awekwe kwenye saa za kula tu: kifungua kinywa cha pili, chakula cha mchana, kahawa ya alasiri, chakula cha usiku. Yaani mshale uwe katikati ya 10 na 11, 1 na 2, 4 na 5, 7 na 8. Kona nne kamili. Hakuna aliyewahi kusahau saa ya kula.

Msomaji wa Kiswahili anapata na nyongeza. Mshale ukiwa baada ya 10 sisi tunasema saa nne na nusu, na chai ya saa nne tunayo. Wala sikuhitaji kubadilisha kitu.

Kuna ukurasa mwingine ambao hauchekeshi, na nadhani umewekwa makusudi kati ya vichekesho. Unasema Tiger mmoja pamoja na vifaa vyake vyote hugharimu marki 800,000 na saa 300,000 za kazi. Watu 30,000 watoe mshahara wa wiki nzima, watu 6,000 wafanye kazi wiki nzima, ndipo wewe upate kifaru chako. Kama mwalimu nasema hakuna njia bora ya kumwambia dereva atunze chombo. Kama binadamu iliniuma, kwa sababu kitabu hakisemi wengi wa wafanyakazi wale walikuwa nani. Viwanda vya silaha vya Ujerumani, pamoja na kile cha Henschel mjini Kassel kilichounda Tiger, vilitumia watu waliotekwa na kulazimishwa kufanya kazi. Na chombo kilichotunzwa vizuri kwa msaada wa vikatuni hivi kilikwenda kuua. Ukikisoma, soma na hilo.

Kisichonipendeza kabisa ni picha za mwanamke nusu uchi, Elvira, zinazojitokeza kurasa nyingi ili kumvuta macho msomaji. Darasani kwangu wamo madereva wanawake, na siwezi kuzionyesha. Zaidi ya heshima, zinashindwa hata kama mbinu ya kufundishia: nilizikumbuka picha, nikasahau zilikuwa zinafundisha kifaa gani. Saa za milo zimenata kwa sababu utani na funzo ni kitu kimoja.

Wamarekani walilielewa hilo vizuri zaidi, ingawa na wao walimtumia mrembo. Mchoraji Will Eisner, katika gazeti la jeshi Army Motors wakati wa vita hivyohivyo, alimchora Joe Dope, askari mzembe anayeharibu kila chombo anachokabidhiwa, na kosa la Joe ndilo somo. Mrembo wao aliitwa Connie Rodd, na fundi yeyote wa gereji zetu atalisikia jina hilo: konrodi, ile mikono inayounganisha pistoni na kranki. Mwaka 1951 kazi hiyo iliendelea katika jarida la PS, na matoleo yake ya miaka 20 ya mwanzo yamewekwa mtandaoni bure na maktaba ya Virginia Commonwealth University. Asiye na hela ya Tigerfibel aanzie huko.

Kuhusu chapa niliyonunua: karatasi ni nzuri, lakini michoro ya kulengea shabaha imefifia hadi namba hazisomeki, na muuzaji hakujibu barua zangu. Omba picha ya kurasa za ndani kabla ya kulipa.

Siku hizi ukaguzi wa lori ninaufundisha kwa milo. Tunaanza kona ya mbele kushoto kwa chai ya saa nne, tunazunguka hadi chakula cha mchana upande wa dereva, alasiri ni nyuma kulia, na usiku ni nyuma kushoto. Kila kona ina matairi, nati na taa zake. Wiki iliyopita, saa kumi na moja alfajiri, nilimsikia kijana mmoja akimwita utingo wake kutoka nyuma ya trela: “Ngoja kwanza, sijala cha usiku!” Alikuwa bado hajagusa nati za kona ya mwisho.