Kumtumia KC katika madai ya majeraha Uingereza: huduma nzuri, ila aitwe mapema

Kwa jeraha la ubongo au uti wa mgongo, wakili mwandamizi wa mahakamani (KC, yaani King's Counsel) ana thamani yake. Uzuri wake hasa hauko kwenye hotuba mahakamani, maana madai mengi huishia kwenye maelewano. Uko kwenye hesabu: gharama za wahudumu kwa mwaka, mshahara uliopotea, marekebisho ya nyumba, hasara za kila mwaka za baadaye zikizidishwa kwa kigezo kinachotegemea miaka zitakazodumu na kiwango cha punguzo (makadirio ya faida ambayo fidia ikiwekezwa italeta), ambacho Uingereza na Wales ni asilimia 0.5 tangu Januari 11, 2025. Mhudumu wa usiku akisahauliwa kwenye jedwali la hesabu hizo, pengo hilo linamfuata mgonjwa maisha yake yote.

Kwa kawaida solisita, wakili anayeendesha dai lako, ndiye humwajiri KC. Kosa kubwa ni kumwita baada ya ripoti za wataalamu kuwasilishwa. Daktari akishaandika kwamba mgonjwa atarudi kazini, kuligeuza hilo ni kazi ngumu mno.

Uliza pia ada ya mafanikio, yaani malipo ya ziada ya mawakili dai likishinda: haizidi asilimia 25 ya fidia ya maumivu na hasara zilizopita, VAT ikiwemo. Fedha za matunzo ya baadaye haziguswi.

Shingo imeteguka kidogo tu? Solisita anatosha.