TAHADHARI: Dalali wa vyumba anayewinda wanafunzi wa mwaka wa kwanza

Wadogo zangu mliopata udahili, hongereni. Ila kabla hujamtumia mtu pesa ya chumba, soma hapa kwanza.

Kuna jamaa anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wapya akijiita mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Haanzi na vyumba. Anaanza kwa kusaidia watu: usajili unakwendaje, nyaraka gani ubebe, kitanda cha hosteli unaombaje. Na majibu yake ni sahihi, ndiyo maana watu wanamwamini. Hosteli za chuo zikishajaa na watu wakianza kuhaha, ndipo anatupia picha: chumba safi, karibu na geti, kimebaki kimoja, mwenzako keshaulizia.

Binti mmoja aliyeingizwa mjini kanionyesha mkataba aliotumiwa. Kwa haraka unaweza kuuamini. Ukiutazama vizuri, jina la mpangaji lina maandishi tofauti na mengine, namba ya chumba haipo popote, na mwenye nyumba wa ukurasa wa kwanza siye aliyetia sahihi mwisho. Muhuri umekaa palepale kwenye kila ukurasa, na wino umefifia kwenye herufi ileile. Huo haukugongwa na mtu, ni picha imebandikwa. Kitambulisho cha "mwenye nyumba" nacho msikitegemee. Huyu jamaa humwomba kila mteja picha ya kitambulisho, kwa hiyo cha kwako ndicho anachoweza kumwonyesha anayefuata.

Ukishalipa kodi, wala hakimbii. Anarudi na amana ya umeme, kisha pesa ya kutengeneza funguo. Ukisema hutaki tena, anakwambia maliza malipo kwanza ndipo mfumo urudishe zote. Hakuna mfumo. Na ukilalamika hadharani, atakufuata mtu mwingine kabisa akidai anaweza kukurudishia pesa zako kwa ada kidogo. Huyo naye usimlipe.

Kabla ya kulipa, mwambie apige simu ya video akiwa ndani ya chumba, afungue bomba, kisha atoke hadi barabarani bila kukata. Dalali wa kweli hilo halimsumbui. Huyu atasema mpangaji aliyepo ana mitihani, au mtandao mbovu (mtandao huohuo unaomtosha kukutumia picha ishirini). Zitafute picha zenyewe kwa Google Lens (huduma ya Google ya kutafuta picha ilipowahi kutumika mtandaoni). Chumba kimoja mara nyingi utakikuta kwenye matangazo ya miji tofauti. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi nayo iulize kama inamjua dalali huyo, na namba ya ofisi hiyo ichukue kwenye tovuti ya chuo, siyo kundini.

Kama umeshatuma, pigia benki au kampuni ya simu sasa hivi uombe muamala uzuiwe, maana akishazitoa ni kazi kuzipata. Piga skrinshoti za kila kitu kabla hujamgombeza, kwa kuwa meseji anaweza kuzifuta kwa wote. Ukienda polisi, beba na kumbukumbu ya muamala.

Admini, mkimtoa msinyamaze. Bandikeni namba aliyotumia kundini, maana akishatolewa anawafuata watu mmoja mmoja inboksi na kuwaambia alitoka mwenyewe.