Uzoefu wangu: tua (ziara) ya viwanja vya Vita Kuu ya Kwanza, Voi mpaka Taveta

Wenye hamu ya historia ya vita mnanielewa, ukitaja Vita Kuu ya Kwanza watu wote akili inaenda Ufaransa, mahandaki ya matope, gesi ya sumu na kadhalika, na hapa kwetu hiyo vita ilipiganwa miaka minne mizima na hakuna anayeongea. Basi kwa muda mrefu nilikua natafuta mtu wa kunipeleka Taita Taveta nikaone kwa macho, mwishowe nikapata kampuni ndogo ya Pwani inayofanya hiyo tua, unalala usiku mmoja huko huko. Nilikua na maswali mengi kabla ya kulipa na sikupata pa kuyauliza, ndo maana naandika hii kwa urefu.

Bei ilikua kama elfu ishirini na kidogo kwa kichwa, ndani yake gari kutoka Voi, mwongozaji, pa kulala, chakula cha jioni na chai asubuhi. Gari ni landkruza ya zamani lakini injini iko sawa, tulikua watu sita tukaenea vizuri. Barabara ya Voi kwenda Mwatate hadi Taveta siku hizi ni lami safi kwa hiyo msiogope mambo ya kutupwa tupwa, vumbi linaanza mkiingia porini tu.

Voi mnaanza na makaburi ya jeshi. Hapo amelazwa Wilbur Dartnell, Luteni Mwaustralia aliyepewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Mwingereza, baada ya kufa. Tarehe 3 Septemba 1915 karibu na Maktau walivamiwa, yeye akapigwa risasi mguuni, wenzake wakawa wanambeba, akaona majeruhi wengine watabaki nyuma na adui yuko mita chache, akasema mniache hapa na hawa. Wakamwacha, akauawa pale pale. Mwongozaji wetu, kijana wa Kitaita mtaratibu sana, alituhadithia tukiwa tumesimama mbele ya kaburi lenyewe na hakuharakisha, na hiyo nimeipenda kwake, hakimbizani na saa.

Maktau wengi mnapita mkielekea Taveta hamjui mnakanyaga nini. 1915 hapo ndo palikua kambi kubwa ya Mwingereza, reli ya kijeshi ikajengwa kutoka Voi mpaka hapo kwa sababu kupeleka maji na chakula kwenye hilo pori kwa miguu ilishindikana, na mwaka huo huo palikua na kiwanja cha ndege za kivita, fikiria, Maktau 1915 na ndege! Mjerumani naye alishaichukua Taveta tangu Agosti 1914, kwa hiyo kipande cha ardhi ya Kenya kilikua mikononi mwake, na kutoka huko vikosi vyake vidogo vilikua vinapenya porini usiku kwenda kutega baruti kwenye reli ya Uganda. Pale Maktau kuna makaburi ya Wahindi pia, naomba msiyapite, manake hii vita jeshi la Uhindi lilimwaga damu nyingi sana na hata hao hawatajwi.

Sasa Salaita. Hapa ndo hela yangu ilirudi yote.

Kilima chenyewe ni kifupi, ukikiona kutoka barabarani utasema hiki ndo kilisumbua watu? Pembeni ni tambarare ya miiba, udongo mwekundu, na kama hakuna mawingu Kilimanjaro inajaa mbele yako yote. Tarehe 12 Februari 1916 brigedi ya Wazungu wa Afrika Kusini waliofika juzi juzi walitoka Mbuyuni alfajiri wakijua wanaenda kumaliza kazi ya asubuhi moja. Taarifa walizopewa zilisema juu kuna watu kama mia tatu hivi na hawana rashasha. Ukweli walikua zaidi ya elfu moja na rashasha wanazo, chini ya Meja Kraut, na wengi wao ni askari Waafrika waliofunzwa vizuri na wanaolijua hilo pori.

Mizinga ya Mwingereza ikapiga juu ya kilima, ikapiga weee, kumbe wenyewe wako chini kwenye shina la kilima, mahandaki yao yamefichwa na vichaka. Mwongozaji alitupeleka hadi hapo chini, akaniambia chutama. Nikachutama kwenye kile kibonde kilichobaki, mawe bado yamepangwa kwa mkono ukingoni, moja juu ya jingine, mengine yameota ukungu, nikatazama mbele kwa usawa wa macho ya askari. Wallahi hapo nilielewa kitu ambacho nimesoma mara nyingi na hakikuniingia. Ukiwa umesimama huoni handaki hata ukiwa hatua ishirini, miiba imekufunika uso, lakini aliyechutama anakuona kuanzia magotini mpaka kifuani bila shida. Yani ramani haiwezi kukuambia hilo hata ukiitazama mwaka mzima.

Wale Wazungu wakarudi nyuma mbio, askari wa Mjerumani wakatoka na singe kuwafuata, na waliosimama imara kuzuia ni Wabaluchi wa kikosi cha 130 kutoka Uhindi, watu ambao asubuhi hiyo hiyo walikua wanadharauliwa na kuitwa makuli. Jumla walioumia, kufa na kupotea upande wa Mwingereza ni kama 170, zaidi ya 130 kati yao ni hao wa Afrika Kusini. Inasimuliwa kwamba Wabaluchi waliokota rashasha iliyotelekezwa wakawarudishia wenyewe pamoja na kijibarua cha heshima, kwamba kuanzia leo msituite tena makuli. Mwongozaji alisema wazi hii ni simulizi, hakuiuza kama hati ya mahakama, na mi nampa maksi kwa hilo.

Ule mbuyu maarufu pia tulionyeshwa, ambao wanasema mwanamke wa Kijerumani alikua anajificha ndani anadungua Waingereza. Mashimo yapo, picha utapata, lakini mi ningekata muda wa hapo niongeze Salaita.

Latema na Reata tulifika jua limeshazama nusu. Tarehe 11 Machi 1916 Jenerali Smuts, mkuu wa majeshi ya Mwingereza huku Afrika Mashariki, alitaka hiyo njia kati ya vilima viwili ili aingie upande wa Moshi, wakapigana hadi usiku gizani kabisa, kamanda wa kikosi cha tatu cha Keya (KAR, jeshi la Mwingereza la askari Waafrika), Kanali Graham, akauawa, na Smuts akaamuru watu warudi. Kumbe kuna wachache walibaki wameng'ang'ania juu, na kulipokucha ikaonekana Mjerumani ameshaondoka. Hadithi nzito hivi ikasimuliwa kwa dakika kumi dereva anataka kuwasha taa, hii haikunifurahisha na niliwaambia. Wangeweza kulala kwanza halafu waje hapa asubuhi.

Chakula cha mchana siku ya kwanza kilifika saa tisa, kuku wa baridi na chapati. Pa kulala pasafi, maji ya moto yapo, neti haina matundu. Choo njiani hakuna, akina mama jipangeni.

Lakini lalamiko langu kubwa ni hili, na nimewaandikia pia. Safari nzima tumeambiwa majina ya makanali, namba za vikosi, aina za mizinga, na nilipouliza wapagazi je, nikajibiwa kwa sentensi mbili. Wapagazi! Hiyo vita ilibebwa vichwani. Mwingereza alitunga sheria 1915 ya kuwachukua kwa nguvu, 1917 ikaja kamata kamata kubwa vijijini chini ya Ainsworth, ofisa wa serikali ya kikoloni, na kwa upande wa Mwingereza peke yake inakadiriwa walikufa zaidi ya 90,000, wengi hawakupigwa risasi, ni kuhara damu, nimonia, malaria na njaa, posho ya unga mbovu usioiva vizuri na mzigo begani. Pale makaburi ya Taveta mawe yamenyooka mistari, nyasi zimekatwa, kila mmoja na jina lake na kikosi chake, nikazunguka yote nikitafuta mpagazi mmoja tu mwenye jina. Sikumwona. Na sio Taveta tu, ile tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na ikaomba radhi.

Sasa kampuni ya Waswahili, mwongozaji wa hapa hapa, wateja wengi watu wa hapa hapa, hao ndo wa kwanza wangetakiwa kulisimulia hili kwa kirefu. Pale Maktau kwenye tuta la reli, pale pale wangeweza kusimamisha gari nusu saa wakaeleza nani alibeba nini, kutoka wapi mpaka wapi, analipwa ngapi, nani alimhesabu. Mwongozaji anaweza, uwezo anao, ni programu ndo haijampa nafasi.

Kwa ujumla nawapa nne juu ya tano na nitarudi. Ukienda nenda Julai au Agosti joto ni pole, vaa viatu vya kufunika na suruali nzito kwa ajili ya ile miiba, beba maji yako mwenyewe, na kabla hujalipa waambie mapema kabisa kwamba unataka kusikia habari za wapagazi na unataka Latema asubuhi. Tukisema wengi watabadilisha ratiba, manake walinijibu meseji yangu siku hiyo hiyo na waliuliza mambo ya maana.