Kamera ya leza ya kuhesabu wateja: usiku moto, jioni jua likiwaka hamna kitu

Jamani naandika hii bado nina hasira. Nilifungiwa juu ya mlango wa duka ile kamera ya 3D inayomwaga vitone vya leza ya infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, sakafuni, halafu jicho lililo pembeni linaangalia kila kitone kimehama kiasi gani, mtu akipita inajua yuko wapi na ana urefu gani. Ni mbinu ileile ya Kinect ya kwanza, ile kamera ya michezo ya Xbox ya mwaka 2010, sio kitu cha kubahatisha, ndo maana hela nilitoa bila wasiwasi.

Sasa mlango wangu unatazama magharibi. Ikifika kama saa kumi jua likiingia ndani basi kwisha habari, kwenye skrini pale lilipopiga panakuwa peusi tii, mteja anaingia na kiboksi chake cha kijani kinachomfuata kwenye picha, akikanyaga jua kiboksi kinapotea, akitokea upande wa pili anahesabiwa mtu mpya. Na saa hizo ndo watu wanatoka kazini wanamiminika!

Nikarudi kwa aliyeniuzia. Yule kaka hata macho hakutoa kwenye simu, "dada weka pazia". Pazia, mlangoni kwa duka! Nikamwambia jua lenyewe lina infraredi kibao, linafunika vitone vyenu, ilibidi uniulize mlango unaelekea wapi kabla hujapokea pesa. Akanijibu mbele za watu, "we unauza khanga, mambo ya leza umeyajulia wapi?" Nilitetemeka kwa hasira, nikasema naing'oa leo leo.

Ila usiku nikazima taa zote nikaelekeza simu chini, kwa macho huoni kitu lakini kwenye simu sakafu nzima imejaa vitone vya zambarau, mdogo wangu akapita vikampanda miguuni, vikapinda kwenye magoti, na kiboksi hakikumwachia hadi kaunta. Kamera yangu ya zamani ilikuwa inahesabu mpaka vivuli, hii wala. Kwa kweli ni mashine nzuri sana.

Hapana, nzuri kwa nani? Mimi biashara nafanya jioni. Mwenye ghala, korido au ukumbi usio na dirisha anunue tu. Mwenye mlango wa jua adai wamjaribishie palepale jua likiwa limepiga, na wakianza habari za pazia abebe hela yake aondoke.